Siku ambayo mzuka wa kuchora haupo, mwanafunzi wa uchoraji anafanya nini?

Mkuu, umeuliza mambo matatu: sisi tunaosoma uchoraji ratiba yetu ikoje, tunajuaje tuchore nini, na ununue rangi gani ya kuanzia. Mimi nasoma Bagamoyo, nitasema ya kwangu.

Ratiba yangu inapangwa na rangi. Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, kwa joto hili la pwani inakauka brashi ikiwa bado mkononi. Rangi ya mafuta ya tyubu inataka siku kadhaa. Ile ya kopo, ya kupaka mageti na milango, unaiacha ilale, kesho yake ndiyo unaipitia tena, na masika ikishika hata kesho inaweza isitoshe. Kwa hiyo sichori picha moja mpaka iishe. Huwa nina kadhaa ukutani zinasubiriana zamu. Mzuka ukigoma kwenye hii, ile nyingine inadai rangi ya nyuma tu, kazi ambayo haihitaji mzuka wowote, inahitaji mkono.

Na hili sikulianzisha mimi. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia hizo hizo rangi za kopo juu ya vipande vya hadibodi. Yeye alifariki 1972, lakini waliomfuata bado wako pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores, na utaratibu ni ule ule: rangi ya nyuma kwanza, ikauke, halafu mnyama au ndege, halafu mapambo na madoa. Ukipita utakuta vibao vimepangwa vina rangi ya nyuma peke yake. Baadhi ya wenzangu wanaibeza kwamba ni sanaa ya watalii. Waibeze, lakini kwa nidhamu ya kazi wale mafundi wanatuacha mbali sana.

Sasa la nichore nini. Natembea na kaunta buku na kalamu ya wino ya kawaida. Kalamu ya risasi naikwepa nikiwa nje, kwa sababu ukiwa na kifutio unafuta badala ya kutazama. Asubuhi boti zikirudi nakaa soko la samaki. Pale hakuna anayekusubiri: mchuuzi anainama, anainuka, ameshaondoka na ndoo. Nimezoea kuanza na mstari wa mgongo na mabega, maana uzito wa mzigo unaonekana hapo. Uso ukipatikana sawa, usipopatikana basi. Mstari ukikosewa nachora mwingine juu yake, na mara nyingi hiyo miwili kwa pamoja ndiyo inayoonyesha mtu anatembea.

Jiandae kuulizwa. Mtu akikuona unamtazama huku unaandika, anadhani umetoka halmashauri kwa habari za ushuru. "Unaniandika nini?" Shikamoo kwanza kama ni mkubwa, kisha geuza daftari aone. Wengi wanacheka na kuita wenzao, na hapo ndipo unaposikia maoni ya kweli kuliko ya darasani: "Huyu mguu umempa wa nani?" Anayekataa, funga ukurasa, chora ngalawa.

Mwisho wa wiki napitia daftari. Sitafuti mchoro mzuri, natafuta kitu kilichojirudia bila mimi kupanga. Kwa sasa ni mikono inayoshika kamba, basi picha zangu zote za muhula huu zina kamba. Kabla ya turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, natengeneza vichoro vidogo vidogo, ukubwa wa kiberiti, kwa nyeusi, kijivu na nyeupe tu. Mpangilio usiposomeka kwa udogo ule, hausomeki hata ukiujaza ukuta. Kazi ikishaanza naipiga picha kwa simu na kuitoa rangi, au naitazama kwenye kioo. Leonardo da Vinci naye aliwashauri wachoraji watumie kioo, kwa sababu picha ikigeuzwa unaiona kama ya mtu mwingine, na kwenye ya mtu mwingine hatukosi kuona kasoro.

Turubai natengeneza mwenyewe: amerikani kwenye fremu ya mbao, halafu mchanganyiko wa gundi nyeupe na rangi ya maji ya kupaka ukuta, tabaka mbili, msasa katikati. Usiruke hatua hiyo ukitumia rangi ya mafuta, mafuta yakiingia kwenye kitambaa kitupu yanakiozesha taratibu. Kuchanganya rangi nafanya mchana tu. Ukichanganya chini ya taa ya chumbani, asubuhi utakuta bahari uliyoiacha siyo uliyoikuta.

Rangi ya kuanzia: kama umepanga chumba kimoja, nunua akriliki. Rangi ya mafuta inayeyushwa kwa tapentaini, na kulala na harufu yake siyo mchezo, na mwenye nyumba ataisikia kabla yako. Chukua nyeupe kubwa, halafu nyekundu, njano, bluu na kahawia ndogo ndogo. Nyeusi iache kwanza, bluu na kahawia zikichanganywa zinakupa giza la kutosha.