Maswali na Majibu: Mama Naye Aende Darasani

Tunajiandaa kuhamia ng'ambo kwa kazi ya umisionari. Itatuchukua miezi mingapi kuongea lugha ya huko?

Swali hili linakuja kila mara, na karibu kila mara mwulizaji hataji ni lugha gani. Nitakujibuje? Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 900 hivi za darasani kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kichina au Kiarabu. Hayo ni makadirio ya mtu anayelipwa kusoma kutwa, asiye na ibada za jioni wala taarifa za kuwaandikia wafadhili. Pigeni hesabu yenu. Na kanisa linalowatuma liambiwe kabla hamjafunga mizigo: mwaka wa kwanza lisitegemee picha za mikutano.

Programu ya simu haitoshi?

Haitoshi.

Mume wangu anasoma lugha kila asubuhi. Mimi nina kichanga, nabaki nyumbani. Wenzetu wanasema nitaishika taratibu. Ni kweli?

Si kweli, mama, na usikubali. Hiyo "taratibu" ndiyo inayowafanya akina mama wafike mwaka wa tatu bado wanamngoja mume ili wakanunue dawa. Upweke wa namna hiyo huvunja ndoa na kurudisha familia nzima nyumbani kabla ya wakati, halafu watu husema ilikuwa hali ya hewa.

Ann Judson na mumewe Adoniram, wamisionari kutoka Marekani, walifika Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813. Mume alishinda na mwalimu na maandishi. Ann aliendesha nyumba, akiongea na wenyeji tangu asubuhi, na katika mazungumzo ya kila siku akamtangulia mumewe. Vita vya Burma na Waingereza vilipozuka na Adoniram akatiwa gerezani mwaka 1824, Ann, akiwa mjamzito, ndiye aliyezunguka kwa maofisa kumwombea aachiliwe. Asingejua lugha angewaambia nini?

Kwa hiyo gawaneni siku. Yeye asome asubuhi, wewe alasiri, na zamu yako ikifika yeye ndiye abaki na mtoto. Ikishindikana, mwalimu aje nyumbani. Tena huyo mtoto atakusaidia, maana majirani watakuja kumwona. Jifunze sentensi chache za kumhusu: amelala, anaota meno, jana alikataa kunyonya. Mwambie jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukifika kwa wa tano ulimi umelainika, nao wameshakusahihisha.

Mtoto wetu wa miaka minne ana miezi miwili shuleni hasemi neno. Tuache kuongea lugha yetu nyumbani?

Msithubutu! Watoto wengi hunyamaza hivyo mwanzoni, huku wanasikiliza. Mkiacha lugha yenu mtamnyang'anya ile pekee anayoweza kuwaelezea kinachomuuma. Kama nyumbani pia amenyamaza, au akiitwa hageuki, mpelekeni kwa mtaalamu bila kuchelewa. Na wazazi tuache kujifariji kwamba watoto hushika lugha bila shida. Ile ya kuchezea huishika upesi. Ya kuelewa masomo huweza kuchukua miaka mitano na zaidi.

Binti yetu wa miaka kumi ametupita sote. Huwa tunakwenda naye hospitali atutafsirie. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. Mtoto asiwe wa kwanza kusikia kwamba mama yake ana uvimbe. Tafuteni mtu mzima.

Tunaweza kuanza kuhubiri kwa mkalimani huku tunajifunza?

Mnaweza, lakini nawaonya: mkalimani akishazoeleka mimbarini, daftari la lugha hufungwa. Adoniram Judson alimbatiza Mburma wa kwanza mwaka 1819, miaka sita baada ya kufika, na miaka hiyo hakuipoteza: alikuwa akijifunza lugha. Wekeni tarehe ya kuachana na mkalimani, naye aijue tangu siku ya kwanza. Hubiri lako la kwanza liwe la dakika tano, uliandike mwenyewe, mwalimu wako alisahihishe, kisha ulisome polepole mbele ya watu.