Fundi Anajibu: Kioo cha Benz kimeshuka, kupanda hakitaki

SWALI: Fundi salama? Mi nna Benz W124 ya 1994, nimeachiwa na mzee na naipenda kweli ila kioo cha dereva kinanitia aibu. Kushuka kinashuka vizuri, kupanda kinajivuta kikifika nusu kinasimama, siku zingine hakisogei kabisa mpaka nifungue mlango niubamize ndo kinapanda. Juzi mvua imenikuta njiani ikabidi nizibe na mfuko wa rambo. Fundi alipima na taa akasema umeme unafika kwa hiyo mota imekufa, nikanunua mota ya mtumba tukafunga, tatizo liko palepale. Sasa anataka avute waya mpya kutoka kwenye betri aweke swichi ya kununua dukani pale mlangoni. Nikubali? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usikubali ndugu yangu, hata akufanyie bure. Na pole kwa hela ya mota, ile ya zamani kama hujaitupa itunze maana naona kama ilikuwa nzima.

Jibu umeliandika mwenyewe humo ndani, unasema ukibamiza mlango kinapanda. Ni kweli mota iliyochoka nayo inaweza kushtuka ukiubamiza mlango, ila we mota umeshabadilisha, kwa hiyo tunabaki na nyaya. Kuna mpira mweusi wa mikunjo kati ya mlango na nguzo, kule kwenye bawaba, nyaya za mlango zote zinapita humo, kila ukifungua zinakunjwa kila ukifunga zinakunjuliwa, na hii imeendelea kwa miaka zaidi ya 30 tena kwenye mlango wa dereva ambao ndo unafunguliwa kuliko yote. Plastiki ya nje inabaki inaonekana nzima kabisa huku ndani nyuzi za shaba zinakatika mojamoja, mwisho zinabaki mbili tatu.

Sasa ile taa ya fundi hapo ndo inapodanganya watu. Taa ya kupimia inavuta umeme kidogo sana, hata uzi mmoja wa shaba unatosha kuiwasha, afu fundi anakwambia umeme upo. Mota inataka zaidi. Tuseme inavuta ampia 8 na pale kwenye kukatika kuna kizuizi cha umeme cha nusu omu tu, 8 mara nusu tayari volti 4 zimepotelea njiani, kwenye 12 umebaki na 8, na kwa volti 8 kioo kinajivuta na kinaweza kukwama njiani. Kushuka kinashuka kwa sababu uzito wake wenyewe unakisaidia.

Kwa hiyo pima umeme wakati mota inafanya kazi. Fungua kava la mlango, plagi ya mota iache imechomekwa, ingiza pini za mita kwa nyuma ya plagi, mtu abonyeze swichi kupandisha we unasoma. Pima kati ya nyaya mbili za mota zenyewe, usipime waya mmoja na bodi, maana swichi ndo inageuza umeme kwenda juu au chini na ethi ya mota (njia ya umeme kurudi) nayo inapitia kwenye swichi. Ukipata 11 na kitu na kioo bado hakiendi, angalia mota au mashine ya kupandishia kioo. Ukipata 8 au 9 rudi nyuma: kwanza mpira wa mlangoni, halafu swichi, halafu fyuzi.

Kama huna mita, usiku washa taa ya ndani ubonyeze swichi. Taa ikififia kidogo ujue umeme mwingi unafika kwenye mota na kuna kitu kimekwama. Isipotikisika, huenda njia imekatika au haipitishi umeme wa kutosha.

Fyuzi za W124 ni zile za zamani zenye ncha, zinashikwa na vibati huku na huku, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga hapo zinaota kutu nyeupe huku fyuzi yenyewe ni nzima. Zizungushe kwa vidole mara kadhaa, kisha nunua mpya za shaba uachane na za aluminiamu. Yule atakayekushauri uweke kubwa zaidi au uviringishe karatasi ya sigara, huyo anakuchomea gari. Swichi za pale kwenye gia zinafunguka, vidole vyake vya ndani vikiwa vyeusi pitisha msasa laini sana.

Kuunga nyaya sasa. Usiunge ndani ya ule mpira! Waya uliochomewa risasi unakuwa mgumu, ukikunjwa unakatika pembeni ya kiungo, miezi michache mmerudi kulekule. Kata kipande kibovu, weka waya mrefu laini wa unene uleule, viungo vikae ndani ya mlango na ndani ya nguzo ambako hakuna kukunjwa. Na waambie mafundi wawe makini, loku za W124 zinaendeshwa kwa upepo, kuna kipaipu chembamba kinaingia mlangoni na kuna mtu atakikata akidhani ni waya.

Lile nailoni nyuma ya kava la mlango lirudishwe na kugundishwa, gereji bubu nyingi wanalichana wanatupa afu unashangaa maji yanaingia ndani ya gari. Mifereji ya mpira ya kioo piga silikoni ya kupuliza, oili na grisi hapana, zinaharibu mpira.

Na hiyo swichi ya dukani? Waya wa moja kwa moja toka betri, mara nyingi bila fyuzi, unafanya kazi hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako na mtoto yuko ndani ya gari peke yake. Afu utapita kwenye mpira uleule.

SWALI: Nina Range Rover P38 ya 1999. Nimebadilisha betri, sasa dashibodi inasema dirisha halijasetiwa. Kompyuta imeungua? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Haijaungua. Ilipokosa betri imesahau kioo kinaishia wapi. Shusha kioo mpaka chini kabisa, pandisha mpaka juu, kikifika endelea kushikilia swichi sekunde kadhaa. Fanya hivyo kwa kila kioo ambacho kompyuta inalalamikia. Ukiona inasahau tena bila kuguswa betri, hapo ndo utafute plagi zilizoingia maji mlangoni, kabla hujaenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road kununua chochote.

SWALI: Benz yangu vioo vya nyuma vyote viwili abiria hawawezi kuvishusha, mimi mbele navishusha vizuri. Fundi anataka kufungua milango yote. – Mama Watatu, Dar

JIBU: Dada, kati ya swichi zako za mbele kuna kitufe cha kufungia madirisha ya nyuma kwa ajili ya watoto. Kibonyeze.