Masoja Sita Wanatosha

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza niliponunua masoja wa kuchezea vita vya mezani nilichukua wale wadogo kabisa wa 1/72, yaani wamepunguzwa mara 72 kuliko mtu halisi, mtu mzima ana kama sentimita mbili na nusu, boksi moja watu zaidi ya arobaini, nikajiona nimepata mali kwa bei ya bure. Nikapaka rangi kumi na wawili macho yakaanza kutoa machozi. Usiku tulipowapanga dakani, yaani kibarazani mbele ya mlango wa nyumba, chini ya taa hakuna aliyejua nani ameshika bunduki nani ameshika upanga, alafu upepo wa kusi ukaja ukasomba nusu ya jeshi hadi mtaroni, na punda akamalizia waliobaki.

Sasa hivi natumia wakubwa tu, wale wa milimita 54, ambao kwa vipimo vya wenye mchezo wanaitwa 1/32 (zidisha 54 kwa 32 upate 1,728, yaani mtu wa mita moja na sabini na kitu, mtu wa kawaida tu wa kwetu). Huko nje wengi siku hizi wanacheza na wa milimita 28. Lakini wakubwa ni wa zamani, kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kutengeneza masoja wa madini ya risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893 na hiyo 54 ikawa kipimo cha watu wengi. Hao wa risasi ukiwakuta mahali waweke kabatini, usiwape watoto, risasi ni sumu. Mimi ni mtu wa plastiki, wale wa kijani wanaouzwa kwa mfuko pamoja na vifaru viwili vibovu.

Mbona wakubwa? Kwa sababu sichezi peke yangu chumbani. Nacheza dakani, hapa Lamu, watu wamekaa kwenye mabaraza ya mawe huku na huku na mchezo uko katikati kwenye ubao, na mzee wa miaka sabini na mtoto wa darasa la tatu wote wanaona kinachoendelea bila kuinama. Mtu akipita na mzigo anasimama. Anauliza. Akishauliza mara mbili keshakaa. Na soja akiwa mkubwa huhitaji wengi, sita kila upande wanatosha kabisa na kila mmoja unaweza kumpa jina na tabia, huyu mwoga, huyu hodari, huyu anaringa. Ukiwa na hamsini hakuna anayelia mmoja akifa.

Kuna tatizo moja tu la ukubwa, nalo ni nafasi. Ukichukua kanuni za wale wadogo, mtu anatembea inchi sita, kwa soja wa 54 hiyo ni hatua chache tu, mchezo unakua mzito kama mashua isiyo na upepo. Ongeza vipimo mara mbili hivi. Sisi tumeacha inchi kabisa, tunatembea shibiri moja na gobori linafika dhiraa mbili. Siku ya kwanza tulipima kwa mikono yetu ikawa ugomvi, manake ami yangu ana mkono kama kasia, kila soja wake anatembea shibiri ya jitu. Ikabidi tukate kijiti cha ufagio, hicho ndo shibiri ya serikali, mjadala umekwisha.

Kanuni zenyewe zisizidi kile unachoweza kumwelezea mtu kahawa yake haijapoa. Zamu yako, kila soja anatembea au anapiga, si vyote viwili. Kupiga unarusha dadu, 4 kwenda juu umepata. Aliyepigwa akiwa nyuma ya ukuta naye anarusha, 4 kwenda juu amepona. Piga hesabu: watu sita wakipiga wote, watatu wanapata, na kuta zinaokoa nusu, kwa hivo unatarajia mmoja na nusu kuanguka kila zamu wanayopiga wote. Hiyo ni sawa, mchezo unaisha kabla ya isha. Ukiwafanya wapate kwa 3 kwenda juu na hakuna ukuta, zamu ya pili uwanja mtupu na watu wanaondoka. Gobori lazima lishindiliwe tena baada ya kila risasi kwa hivo anayepiga analaziwa njiti ya kibiriti pembeni, zamu inayofuata anaitoa, haruhusiwi kupiga. Kitu kidogo lakini kinabadilisha kila kitu, ghafla wenye mikuki wana maana.

Rangi sasa. Hapa nimeteseka. Hii plastiki laini haitaki rangi, nilipaka ya mafuta iliyobaki kwa fundi wa mashua nikangoja siku tatu bado inanata, alafu ikabanduka yote kwenye vifundo vya miguu kama ngozi ya nyoka. Waoshe kwanza na sabuni ya vyombo maji ya uvuguvugu, wana mafuta ya kiwandani, wakikauka wapake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, ndo upake rangi ya maji juu yake. Gundi inajikunja pamoja na plastiki, haipasuki. Mkuki au bunduki ikiwa imepinda mtumbukize kwenye maji ya moto sana, inyooshe, alafu maji ya baridi hapo hapo. Baadhi hurudi kupinda baada ya muda, ndo hali.

Kuwageuza watu wa kwetu si kazi. Kata kofia ya chuma kwa wembe, chovya karatasi ya tishu kwenye gundi, mzungushie kilemba, nyengine mfunge kiunoni iwe kikoi. Bunduki ya kisasa kata magazini na vile vilivyojitokeza juu, umepata gobori. Kuta za mji nachonga kwa champali (ndala) kuukuu, ukiichana chana na kisu inatoka kama ukuta wa mawe ya matumbawe kabisa, paka chokaa na kahawia basi. Hakikisha tu hiyo champali ni kuukuu kweli, na ni yako.

Ukishapata hayo, usitafute vita vya mbali. Mimi nilihangaika na ramani za Ulaya miezi miwili wakati Shela iko pale, dakika arobaini kwa miguu. Mnamo 1812 hivi, wengine wanaandika 1813, Mombasa ya Mazrui, ukoo uliotawala huko, na wenzao wa kisiwa cha Pate walishuka Shela kuipiga Lamu, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, mashua ziko mchangani, wakauawa pale pale ufuoni. Kwa mchezo huwezi kuomba zaidi.

Nikatengeneza. Leso ya buluu ndo bahari, na kila mwisho wa raundi unarusha dadu, ukipata 4 kwenda juu leso inavutwa nyuma vidole viwili. Nikawa najisifu. Mzee mmoja aliyevua samaki maisha yake yote alikaa akaangalia mchezo mzima kimya, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, haya maji yako yanatoka wapi? Maji hayapwi kwa kamari." Akanieleza, na ukisimama ufuoni utaona mwenyewe: yanaanza polepole, katikati yanakimbia, mwisho yanatulia tena. Masaa sita toka kujaa hadi kupwa. Tukaweka raundi sita, na leso inavutwa kidole 1, kisha 2, kisha 3, 3, 2, 1. Hakuna dadu.

Wallahi mchezo ukawa mwengine. Mashua zinaanza zikiwa zimeingia vidole vitano majini, raundi mbili za mwanzo mwenye Mombasa haoni shida yoyote, leso imesogea vidole vitatu tu, anasonga mbele kwa madaha. Raundi ya tatu inaisha, sita, mashua zimekaa. Mpwa wangu alibaki ameduwaa. "Ami, umeniibia!" Sikumwibia, aliziona zile namba tangu mwanzo, zimeandikwa kwenye ukuta na chaki.

Kutoka hapo ikazuka shida nyengine, kila mtu keshajua, hakuna anayetoka mashuani. Mombasa wanakaa ufuoni wanapiga magobori wanarudi nyumbani raundi ya pili. Ukicheza na watu wale wale hii itakukuta na wewe. Nikamrudia mzee. Akataka kujua siku ile ya vita ilikua bamvua (mwezi unapofanya maji yajae na kupwa sana) au maji mafu (yanaposogea kidogo tu), nikamwambia sijui, akasema basi na wao wasijue.

Kwa hivo sasa dadu moja inarushwa kabla ya chochote, chini ya kikombe cha kahawa. 1 hadi 3 ni maji mafu, leso inasogea kidole kimoja tu kila raundi na mashua zina muda hadi raundi ya sita. 4 kwenda juu ni bamvua, zile namba za mzee. Mwenye Lamu peke yake ndo anafunua kikombe kuangalia, na ndo anayevuta leso. (Najua, nahodha wa Mombasa naye anaujua mwezi, usinianze.) Raundi ya kwanza ni kidole kimoja kwa vyovyote, huwezi kujua. Ya pili ndo ya kutazama, na dakani watu wote wananyamaza wanaangalia mkono wangu kwenye leso.