Lita nne za maji na chunusi

Umeuliza kama kunywa lita nne za maji kwa siku kutaondoa chunusi. Hazitaziondoa, dada. Chunusi zinatokana na vitundu vya ngozi kuziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa, homoni nazo zikichochea. Maji unayokunywa hayapiti huko kusafisha. Yanaingia kwenye damu, figo zinachuja, ya ziada unayakojoa. Ngozi hunufaika pale tu mwili ulipokuwa umepungukiwa kweli: midomo inapasuka, mkojo kama chai ya rangi. Ukishanywa ya kutosha, hiyo lita ya nne ni safari za chooni tu. Ngozi kavu paka mafuta ukitoka kuoga, kabla haijakauka vizuri.

Kiasi? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 iliweka lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, na humo wamehesabu mpaka chai, uji na maji yaliyomo kwenye chakula. Jua hili la Tabora la mwezi wa kumi, mvua haijashuka, linadai zaidi, hasa kwa wa shambani na wa bodaboda. Mkojo ukiwa njano hafifu, uko sawa.

Mimi ni muuguzi, na faida ninayoisemea bila wasiwasi ni kwenye mawe ya figo: aliyewahi kuyapata tunamwambia anywe mpaka akojoe kama lita 2.5 kwa siku. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo asijiongezee maji kabla ya kumuuliza daktari wake.