Kompyuta kuzima baada ya kuongezewa kasi

Ndugu yangu, umesema kompyuta inazima ghafla dakika kumi tu ukicheza gemu, tangu uongeze kasi ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Irudishe kwanza kasi ya kiwandani kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka. Ikitulia, umeshampata mkosaji. Isipotulia, kagua memori na pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme.

Lakini mimi nashuku joto. Mombasa hii mwezi wa Februari chumba chenyewe kinafika nyuzi 32, na feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko chumba. Yangu nilipoifungua, vumbi lilikuwa limegandamana kwa unyevu wa pwani, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka kama chokaa. Nikapangusa kwa spiriti, nikatia mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Joto likashuka.

Ukirudia kuongeza kasi, panda megahezi (kipimo cha kasi ya prosesa) 100 kwa 100, ukijaribu kila hatua. Volteji usiipandishe ovyo, tafadhali, inaunguza prosesa.