Muulize Mkunga: kitovu, kubemenda na dawa za kuongeza uchungu

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa wajawazito na wenye vichanga, na karibu kila moja ndani yake kuna bibi, mama mkwe au jirani aliyesema kitu. Nimechukua chache, majina nimeyatoa.

*

Shikamoo mama. Mi na mume wangu tumepanga mwakani tutafute mtoto wa kwanza. Nlikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu afu nikaacha, hedhi bado inayumbayumba. Shoga angu kanambia kuna vidonge unatakiwa uanze kumeza hata kabla mimba haijaingia, sasa nikajiuliza unamezaje dawa za mimba na mimba huna?
– Dada wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Shoga ako kasema kweli. Hivyo vidonge ni foliki asidi, 0.4 mg kwa siku, na sababu ya kuanza mapema ni kwamba uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba itunge, yaani kipindi ambacho we mwenyewe ndo kwanza unahesabu siku zimechelewa unasema labda ni mawazo tu. Foliki ikipungua mwilini hapo ndipo hatari ya mgongo wazi inapopanda, wale watoto tunaowapeleka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kufanyiwa upasuaji. Haizuii wote ila inapunguza sana. Anza walau miezi miwili kabla hamjaanza kutafuta, na ukishika mimba endelea, kliniki watakupa vya kuchanganya na madini ya chuma. Mchicha, matembele, maharage, parachichi, kula sana tu, lakini usiseme mboga zinatosha ukaacha vidonge.

Kuhusu sindano tulia. Kushika mimba kunaweza kuchukua miezi 10 hata mwaka tangu ile ya mwisho, haimaanishi kizazi kimeharibika. Wakati unasubiri nendeni WOTE WAWILI mkapime: virusi vya Ukimwi, kaswende, wingi wa damu, sukari, presha, siko seli na kundi la damu. Hilo la kundi watu wanalidharau sana. Kama kundi lako la damu ni negative (mfano O negative) na la mwenzio ni positive kuna sindano utaihitaji karibu na wiki ya 28 na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto atakuwa positive, na si kila kituo utaikuta, sasa bora ujue leo uanze kuitafutia hela kuliko uje ujue uko wodini.

*

Mama shkamoo. Mimba yangu ina miezi minne na kitu kliniki sijaanza, mama mkwe anasema mimba ikijulikana mapema wenye vijicho wanaiharibu. Mume nae anasema hana muda wa kukaa foleni ya wanawake na nimeskia bila mume wanakufukuza. Alafu nakula sana udongo, ule wa sokoni, nisipokula naumwa kichwa. Naomba usinigombeze
– Mama kijacho, Tabora

Sikugombezi, ila kesho asubuhi uwe kwenye foleni. Ilitakiwa uanze kabla ya wiki 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonwe walau mara nane mpaka anajifungua. Nesi hatangazi mimba yako mtaani. Vaa dera lako pana, nenda, rudi, mama mkwe mwambie umeenda kuitunza mimba isipate mtu wa kuiharibu, hapo mtakuwa mnaongea lugha moja.

Unachokikosa ukikaa nyumbani ni hiki: kuanzia wiki ya 13 unapewa SP ya malaria, vidonge vitatu unameza palepale nesi anakuona, na unarudia mwezi ukipita, walau dozi tatu kabla hujajifungua. (Anayetumia septrini kwa sababu ya virusi hapewi SP, aseme mapema.) Kuna chandarua, kuna kupima presha na mkojo ambako ndiko tunakamatia kifafa cha mimba kabla hakijalipuka, kuna sindano ya pepopunda. Na umri wa mimba unahesabiwa vizuri. Hata nyumbani unaweza: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Aliyeona damu tarehe 10 Januari anategemea 17 Oktoba, kama mzunguko wake ni wa siku 28, na apishe wiki mbili mbele au nyuma maana watoto hawasomi kalenda.

Mume kuja ni vizuri, mnapimwa pamoja, lakini asipokuja usirudi nyumbani. Kuna vituo vinamwambia mama akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa, ikitokea kwako muombe mganga mfawidhi kwa upole akuhudumie kwanza, huduma ya mjamzito haitakiwi kusubiri barua.

Udongo sasa. Hamu hiyo mara nyingi inaenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini kwahiyo unazidi kuutaka, halafu unakuja na mayai ya minyoo. Mwambie nesi ukweli upimwe damu upewe na dawa ya minyoo. Vidonge vya damu usimeze na chai wala kahawa, meza na maji au juisi ya chungwa, na choo kikiwa cheusi usiogope ndo kawaida yake.

*

Asalaam aleikum mama. Natarajia mwezi ujao, mimba ya kwanza, niko kijijini huku Kilwa, hospitali yenye upasuaji iko mbali. Mama mkwe keshachimba mizizi anasema uchungu ukianza ninywe ili usikae siku mbili, yeye watoto wake wote kazaa hivyo. Naogopa kukataa. Pia nibebe nini?
– Binti wa Kilwa

Waaleikum salaam. Hii barua ndo iliyonikalisha zaidi.

Ile mizizi mingine inafanya kazi kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Hospitali tukitaka kuongeza uchungu tunatumia dripu, tunahesabu matone, tunasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, yakibadilika tunafunga. Kikombe cha mizizi ukishakimeza hakuna anayejua ni dozi ya watu wangapi na hakuna pa kukifunga. Mfuko wa uzazi unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa kwa sababu anapumulia kwenye zile nafasi za katikati ya uchungu na uchungu, na mfuko unaweza kupasuka, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji wa nyuma. Halafu mama anafika kwetu anaficha kwamba kanywa, na sisi tunampa dawa juu ya dawa. Kama kuna anayesoma hapa na ameshakunywa, tafadhali SEMA, hutofungwa.

Mimba ya kwanza uchungu huchukua muda, ile hatua yenyewe yenye kasi inaweza kuchukua hadi masaa 12 na bado ikawa kawaida, na kabla yake kuna masaa mengi ya kuumwa na kuacha. Tembea, kunywa uji, kojoa mara kwa mara, lala ubavu. Mama mkwe usimwambie dawa zake za kishamba, mwambie "mama, kliniki wamekataza na wataniuliza". Kisha mpe kazi: aje nawe awe anakukanda kiuno, anakupa uji, anakuombea dua. Mama mwenye mtu wake pembeni anajifungua vizuri zaidi, hilo limefanyiwa utafiti mpaka likaisha.

Kwa vile uko mbali, uliza kama hospitali ina chigonela, ile nyumba ya kungojea. Wiki mbili kabla ya tarehe hamia. Ukishindwa, ongea na mwenye bajaji au gari sasa hivi, hela yake iwekwe kando asiiguse mtu, na simu ya nyumba nzima iwe na namba 115, ni bure, ndo ya m-mama ya kuita usafiri wa dharura wa mama na kichanga. Ndugu wawili wa kutoa damu wajulikane kabisa. Begi: khanga safi tano sita, pamba, glavu, kibanio cha kitovu, wembe mpya, mpira wa kulalia, pedi, ndoo na beseni, sabuni, nguo za mtoto na kofia na soksi, chupa ya chai, na kadi ya kliniki iwe JUU sio chini ya khanga. Kila kituo kina orodha yake, waulize.

Na usisubiri uchungu kama umeona damu, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, uso umevimba, maji yamepasuka, au mtoto kaacha kucheza. Ondoka hapohapo.

*

Mama shikamoo. Nina mtoto wa kiume siku nne. Bibi hataki nimbadilishe nepi peke yangu anasema kitovu kikikatika kikamdondokea huko chini mtoto hatokuwa mwanaume. Pia nakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo limeanza kuwa na malengelenge, wanasema nivumilie damu chafu itoke
– Tanga

Kama hilo la kitovu lingekuwa kweli tungekosa mababa nusu ya nchi, maana vitovu vinadondoka usingizini, kwenye beseni, ndani ya nepi, na vinadondokea popote. Ni kinyama kilichokufa, hakina mshipa wala nguvu. Mtoto wako yuko salama. Ila bibi mwache asaidie kubadilisha nepi, we lala.

La kuogopa kwenye kitovu ni vinavyopakwa: majivu, mafuta, mate, dawa ya meno, mavi ya ng'ombe. Hapo ndo pepopunda na wadudu wengine wanapopitia. Kiache kikavu, nepi ikunje chini yake, kitaanguka chenyewe kati ya siku 5 na 15. Tone la damu sio kesi. Kikinuka, kikitoa usaha au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, hospitali siku hiyohiyo.

Kukandwa acha leo, na hayo malengelenge yaonwe. Umeungua mwanangu, hakuna kuvumilia. Damu ya uzazi inatoka yenyewe wiki kadhaa, na mfuko unarudi wenyewe, na kila mtoto anaponyonya unabana zaidi, ndo maana unasikia tumbo linauma wakati wa kunyonyesha. Oga maji ya uvuguvugu basi. Aliyepasuliwa asithubutu kabisa. Ukilowesha pedi nzima chini ya saa moja, au ukapata homa, au damu inanuka, rudi wodini. Mengine ya bibi yapokee yote: supu ya pweza, uji wa pilipili manga, kupikiwa, kufuliwa. Siku arobaini za kuhudumiwa ni mali, wenzako mjini wanazitafuta hawazioni.

*

Shkamoo mama mkunga mimi ni mwanaume sijui kama naruhusiwa. Mtoto wetu ana miezi minne, mke kahamia kwao, wanasema tukikutana kimwili nitambemenda mtoto, yaani atadhoofu. Na mtoto kweli kakonda, sasa wananiangalia mimi kama nimeshatoka nje. Sijafanya chochote wallahi
– Baba K, Singida

Unaruhusiwa sana, karibu. Mbegu za mwanaume haziingii kwenye maziwa, iwe ndani ya ndoa iwe nje. Ila wazee hawakuzua bure, walikuwa wanaona mama anashika mimba nyingine mapema, maziwa yanapungua, mtoto anaachishwa ghafla kwa uji mweupe mtupu, anadhoofu. Walichokiona ni kweli, sababu ndo walikosea. Na kosa hilo linaua, maana mtoto wa utapiamlo anapelekwa kwa mganga kuoshwa, na wazazi wanaona aibu kumpeleka hospitali wataambiwa wamembemenda.

Kwahiyo kwanza mtoto. Akapimwe uzito wiki hii, ile mistari kwenye kadi itasema. Ulizeni: ananyonya mara ngapi (mtoto mdogo 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ukiwemo)? Kuna anayempa maji au uji kisirisiri? Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, hata joto la Singida. Anakohoa? Kuna TB nyumbani? Mama amepima virusi?

Kuhusu nyie wawili, kawaida tunasubiri uchunguzi wa wiki ya sita, halafu mpaka MWENYEWE awe tayari, amepona na anataka. Na mtumie uzazi wa mpango, mimba inaweza kuingia kabla hata hedhi haijarudi. Kunyonyesha kunakinga pale tu masharti matatu yanapokutana: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika tafuteni kijiti, kitanzi, sindano au kondomu, na mpishanishe walau miaka miwili kabla ya kutafuta mwingine. Kwa wakwe usiende mwenyewe kuongea mambo ya chumbani, tuma shangazi, na aende na kadi ya mtoto mkononi.

*

Mtoto wangu siku ya tatu macho yamekuwa ya njano, jirani anasema nimuanike jua la asubuhi. – Mbagala

Mpeleke leo, usianike. Njano ya siku ya tatu mara nyingi ni ya kawaida na inapita kwa kunyonyesha sana, lakini jicho la jirani halipimi. Njano ya ndani ya saa 24 za mwanzo, au iliyofika viganja na nyayo, au mtoto analala tu hanyonyi, hiyo ni mbio. Jua halitibu hiyo, hospitali kuna taa zake.

*

Mama, likizo yangu inaisha na bosi anasema kunyonyesha ni mambo ya nyumbani. – Dodoma

Mwambie asome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha, na ukirudi una hadi saa mbili za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi wanazitumia kutoka mapema, mwombe mkubaliane kwa maandishi. Na anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi, mtoto azoee kikombe. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje kama hakuna joto kali, siku nne kwenye friji, na chombo uandike tarehe.