Widelia kwenye kiwanja cha mteremko: panda, ila ichunge isitoroke

Watu wengi wakija kwangu wanauliza yale maua ya njano yaliyotanda kwenye mteremko ni nini. Ni widelia, ukoo mmoja na alizeti, ukiliangalia ua lake kwa karibu utaona kabisa ni kializeti kidogo, na jani lake lina kama vidole vitatu. Linatambaa chini, halifi msimu ukiisha, na kwa hali ya hewa ya Dar linatoa maua karibu mwaka mzima.

Kiwanja changu kipo Goba, udongo kichanga mtupu. Masika ya kwanza baada ya kuhamia, maji yalichimba mfereji kutoka getini mpaka chini kabisa, msingi wa upande wa jikoni ukabaki nje unaonekana, nilikuwa silali mvua ikinyesha. Nikajaribu ukoka, ule wa chini ya mwembe ukafa kwa kivuli, wa juani ukasombwa kabla haujashika. Mzee mmoja anayeuza miche barabarani ndio akaniambia, "Mama, chukua widelia, hii ikishika hata ukiivuta huiwezi."

Usinunue viriba vingi, ni kupoteza hela. Mimi nilichukua kumi tu, vilivyorefuka nikavikatakata. Kata shina kama sentimita 15 hivi, liwe na vifundo vitatu au vinne, toa majani ya chini, fukia vifundo viwili, kichwa kibaki nje, yaani kama unavyopanda marando ya viazi vitamu. Ukiinua shina lililolala chini utakuta kwenye vifundo vimizizi vyeupe vimeshatoka, hapo ndipo penye nguvu yake yote na ndipo penye balaa lake pia, nitafika huko. Nafasi niliacha sentimita 30 na mistari nikaipishanisha ili maji yasipate njia iliyonyooka ya kushukia.

Muda mzuri kwa mteremko ni mvua za vuli, sio masika, maana masika ikija ikute imeshashika. Kabla ya kupanda ng'oa ndago zote na vile vinundu vyake vya chini, ukizembea hapo zitachomoza katikati ya widelia na kuzitoa ni kazi ya kulia. Samadi kidogo, maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo, basi. Chini ya mwembe inakaa vizuri tu ila maua yanakuwa machache. Pale mnapopita kwa miguu kila siku usipande, weka mawe, haipendi kukanyagwa.

Sasa balaa. Asili ya hili ua ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, na lipo kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mimi hilo nililijua nimeshachelewa. Kijana aliyekuwa ananisaidia bustani alifyeka kwa slesha akajaza toroli akamwaga mabua korongoni, na mimi nilimuona nikaona sawa tu, majani si yataoza. Hayakuoza. Masika iliyofuata kila kipande chenye kifundo kilishika kwenye tope, maji yakaviteremsha mpaka kwenye matuta ya mchicha ya mama mmoja pale chini, na yule mama anasomesha watoto kwa mchicha huo. Iliniuma sana. Nilienda kumuomba radhi na tukang'oa pamoja Jumamosi tatu mfululizo.

Kwa hiyo kama kiwanja chako kimepakana na mto, korongo au bonde, naomba sana usiipande, panda majani ya vetiva, yanashika udongo na hayatambai. Kama uko mbali na maji panda, ila izungushie tofali zilizozama ardhini na kipindi cha mvua kata kingo kila baada ya wiki mbili. Mabua mimi naanika juu ya zege nyuma ya tenki, mpaka kifundo ukikikunja kinavunjika kama njiti ya kiberiti, ndio nayachoma. Na kule korongoni kila mvua ikikatika nashuka na gunia, mara ya mwisho nilipata vipande vinne.